Trauti Wasiokimbia Kivuli

Tumpe Mwaijande alianza kushuku pale trauti mmoja alipomfuata mpaka ubavuni mwa boti.

Alikuwa ameinama kutumbukiza kipimajoto. Kivuli cha mkono wake kikaanguka juu ya maji, na samaki yule, badala ya kutoweka, akapanda taratibu mpaka juu kabisa, akafungua mdomo chini ya vidole vyake na kusubiri. Nyuma yake wakaja wengine, migongo yao ya rangi ya shaba ikipishana chini ya boti kama kuku waliosikia bakuli la pumba likigongwa.

Tumpe aliurudisha mkono haraka.

"Wamekuzoea," alisema Fulgence Kajeba, aliyekuwa amekaa tezini, nyuma ya boti, akiwa amejifunika koti zito. Kajeba alikuwa mwangalizi wa Kampuni ya Mvuke Kusini. Sheria ilimpa haki ya kuwamo botini kila Tumpe alipoingia ziwani, na kwa misimu mitatu hakuwahi kukosa hata safari moja.

"Samaki wa mwituni hamzoei mtu," Tumpe alijibu.

"Basi wana njaa."

Trauti wa Ziwa Lwasi alijulikana kwa woga wake. Tai walikuwa wamemwinda ndani ya shimo lile la volkano vizazi kwa vizazi, na kila aliyewahi kumchunguza aliandika jambo lilelile: kivuli kikipita, anazama. Wazazi wake wa kale walikuwa trauti wa kawaida tu, walioletwa na watawala wa kigeni kwenye mito ya Kitulo ili wapate mchezo wa kuvua. Wachache wakamwagwa Lwasi, wakasahauliwa. Humo, katika maji yenye chumvi za volkano, wakageuka kidogo kidogo mpaka wakawa samaki mwingine, asiyepatikana katika ziwa lingine lolote duniani.

Kwa sababu ya samaki huyo ziwa lilikuwa na haki zake. Sheria ya Uhai wa Pekee ilisema kwamba maji yanayozaa kiumbe asiye na makao mengine hayaguswi: hayachimbwi, hayahamishwi, hayauzwi. Kila mwaka Shahidi wa ziwa alisimama barazani kusema kama kiumbe huyo bado yupo. Tumpe ndiye aliyekuwa Shahidi wa Lwasi. Nyuma ya sikio lake la kushoto, chini ya ngozi, ulipita uzi mwembamba wa kiapo. Siku ya baraza uzi huo uliunganishwa na taa ya mezani. Shahidi akisema anachokiamini, taa hubaki nyeupe. Akisema asichokiamini, huwa nyekundu, na wote waliomo ukumbini huiona.

Kajeba alikuwa akiwatazama samaki kwa makini. Hakutabasamu, wala hakuandika kitu.

"Chini ya ziwa hili kuna joto la kuwasha taa za mkoa mzima," alisema, kama mtu anayeongea peke yake. "Mbeya wanapata umeme kwa zamu. Mama yangu mdogo alifanyiwa upasuaji, umeme ukakatika katikati. Alipona, lakini si kila mtu hupona. Mimi siwachukii samaki wako, Dada Tumpe. Ninachotaka kujua ni kama wapo kweli."

"Si unawaona?"

"Ninawaona," alisema Kajeba, akavuta kola ya koti lake.

Tumpe aliwasha mota. Samaki wakalifuata boti hadi karibu na gati.

*

Maabara yake ilikuwa chumba kimoja juu ya ukingo wa ziwa, na dirisha lake lilitazama pengo la magharibi, mahali ukingo ulipobomoka zamani. Chini ya pengo hilo, kwenye bonde lenye migomba na chai, kilikaa kijiji cha Ndobo. Kutoka dirishani alisikia watu wa Ndobo wakiitana mashambani.

Samaki mmoja alikuwa amekufa wavuni. Tumpe alimpasua kichwa na kutoa kijiwe cha sikio, kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Kila samaki wa namna ile anacho. Kijiwe hukua kwa matabaka, kama mti unavyoongeza pete, na kila tabaka huhifadhi ladha ya maji aliyokuwa akiishi samaki siku hizo. Maji ya Lwasi yalikuwa na chumvi zake, hayakufanana na maji ya mto wowote. Trauti aliyezaliwa Lwasi alikuwa na chumvi hizo tangu kitovu cha kijiwe mpaka ukingoni.

Aliweka kijiwe kwenye mashine, akachora mstari wa mwanga kutoka nje kwenda ndani. Matabaka ya nje: Lwasi. Yaliyofuata: Lwasi. Kisha, karibu na kitovu, chumvi zikakatika ghafla. Samaki yule alikuwa ameanza maisha yake katika maji matamu, safi, baridi, maji ya kijito cha mlimani.

Tumpe alikaa akiitazama picha ile. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa jina la Kajeba. Kampuni ingeweza kabisa kufuga trauti mahali fulani, ikawapandikiza ziwani kisirisiri, halafu siku ya baraza ikasimama na kuthibitisha kwamba samaki wa Lwasi ni bandia. Kurudisha kiumbe kwa mkono kulikuwa kosa la jinai. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya kampuni zilizozoea kuua ziwa, kulijaza samaki wa kutengenezwa, kisha kudai hakuna kilichoharibika. Nani basi angejua ujanja huo kuliko kampuni yenyewe?

Alikuwa na samaki wengine kwenye barafu. Alichukua wa pili, akashika kisu, akakiweka chini.

Kijiwe kimoja kingeweza kuwa ajali. Viwili vingekuwa habari, na habari ikishaingia kichwani mwa Shahidi haitoki. Alisimama pale meza ikiwa imelowa, akijiuliza kama kuna mtu anayemtaka ajue, au kuna mtu anayemtaka asijue. Mwishowe akafunika sanduku la barafu na kuchukua funguo za pikipiki yake ya umeme.

*

Mwalimu Ambakisye alikuwa Shahidi wa Lwasi kabla ya Tumpe. Ndiye aliyemfundisha kuvua bila kuwaumiza samaki na kusoma vijiwe. Alijiuzulu bado ana nguvu zake, na hakuna aliyeelewa kwa nini. Aliishi na mkewe, Mama Sekela, kwenye mteremko wa Kitulo, katika nyumba ya matofali yenye bustani ya viazi. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda refu la mawe lililojengwa juu ya kijito.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ugonile, umeamkaje? Pita ndani, baridi inauma."

Mama Sekela alileta chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, akamshika Tumpe mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akauliza habari za nyumbani kwao, kisha akatoka. Tumpe alisikia hatua zake zikizunguka nyumba kuelekea nyuma.

"Mwalimu, kuna jambo limenitatiza ziwani."

Ambakisye aliinua kiganja. "Umekuja kama Tumpe au kama Shahidi?"

"Kuna tofauti gani? Uzi siwezi kuuacha mlangoni."

"Ndiyo maana nakuuliza." Alimenya kiazi taratibu, akakiweka kwenye sahani yake bila kukila. "Kama ni la ziwani, usiniulize."

"Samaki wanakuja kwenye kivuli."

Mzee hakushtuka. Hilo ndilo lililomtia Tumpe hofu. Alitegemea mshangao, au maswali mengi kama ilivyokuwa desturi yake. Badala yake Ambakisye alitazama dirisha la mbele, lile lisiloonyesha banda.

"Mwaka wangu wa mwisho," alisema, "niliona jambo dogo. Sitakwambia jambo gani. Nilijua nikilifuata nitalifikia, na nikilifikia nitalisema. Kwa hiyo nikaandika barua ya kuacha kazi jioni ileile. Sikuongopa hata siku moja barazani, Tumpe. Niliacha kabla sijajua."

"Na tangu hapo hujauliza?"

"Nimuulize nani?"

Aliisema haraka mno. Tumpe aliangalia chumba. Viti viwili, redio, picha ya harusi. Kando ya mlango wa nyuma palikuwa na viatu vya mpira vya mwanamke, vimelowa, na juu ya kimoja palikuwa pameganda chembe za chakula cha samaki. Viatu vya mzee vilikuwa mlango wa mbele, vikavu. Hapakuwa na dalili kwamba mzee hutumia mlango wa nyuma. Hata komeo la juu lilikuwa limewekwa kwa kimo cha Mama Sekela, mwanamke mfupi.

Alikumbuka kwamba kabla ya kuolewa Mama Sekela alikuwa mtaalamu wa mayai ya samaki katika mabwawa ya trauti ya Kitulo. Wengi walikuwa wamelisahau hilo. Kwao alikuwa mke wa Mwalimu.

"Chai yako inapoa," alisema Ambakisye. Sauti yake ilikuwa ya kuomba.

Tumpe alikunywa chai yote, akashukuru, akaaga. Kisha akazunguka nyumba.

*

Mama Sekela alikuwa amesimama mbele ya banda, shali limemfunika kichwa.

"Hakuna kufuli," alisema. "Haijawahi kuwapo. Unaweza kurudi kwa pikipiki yako sasa hivi, na mimi sitakulaumu. Baraza ni wiki ijayo. Watakuuliza kama trauti yu hai ziwani, utasema yu hai, na taa itakuwa nyeupe, kwa sababu ni kweli."

"Na nikiingia?"

"Bado itakuwa kweli. Ila utakuwa umebeba mzigo mzito."

Tumpe alisukuma mlango. Ndani, maji ya kijito yalipita kwenye mabeseni ya zege. Juu yake zilipangwa trei za mayai ya rangi ya chungwa, na katika beseni la mwisho vifaranga wa trauti walikusanyika mara moja pale alipoegemea, vinywa wazi. Kwenye rafu palikuwa na mtungi wa baridi kali na vifaa ambavyo Tumpe alikuwa ameviona vitabuni tu, vile vya kutoa kiini cha yai na kuweka kingine mahali pake.

"Ni mapezi," alisema Mama Sekela nyuma yake. "Ambakisye alikuwa akikata vipande vya mapezi kwa utafiti, mimi nikavihifadhi. Kiini natoa humo, naweka kwenye yai la trauti wa mtoni. Anayetoka ni wa Lwasi, damu na mifupa. Kitu pekee kinachokosekana ni woga. Woga walifundishana wenyewe kwa wenyewe. Sijui jinsi ya kuwafundisha."

"Wale wa zamani wako wapi?"

"Walikufa wote."

"Lini? Kwa nini?"

"Msimu mmoja wa baridi, Mwalimu akiwa safarini. Nilikwenda ziwani kuchukua nyavu zake asubuhi. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu, na samaki wote walikuwa juu, matumbo meupe. Niliwakusanya kabla watu wa Ndobo hawajapanda. Nilichimba, nikawafukia. Nilijua wakionekana tu, kampuni itaingia na mitambo siku inayofuata." Alivuta shali. "Nilifanya kwa ajili ya ziwa."

Tumpe hakuwa akiwatazama tena vifaranga. "Maji yaligeuka rangi."

"Ndiyo."

"Ulijisikiaje ulipokuwa pale?"

Mama Sekela aligusa paji la uso. "Kichwa kiliniuma. Miguu ilikuwa mizito. Palikuwa na kuku pori karibu na maji, wamelala chini."

Tumpe alijua maana yake, na aliona kwenye uso wa mwanamke yule kwamba naye alijua. Maziwa ya volkano hukusanya hewa nzito chini kabisa, mahali ambapo uzito wa maji huizuia, kama soda iliyozibwa. Baridi ikipoza maji ya juu, huzama, ya chini hupanda, na hewa hutoka. Haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutambaa chini, hujaza mabonde, na kila kinachopumua humo husinzia, na hakiamki.

"Ilikuwa kidogo," alisema Mama Sekela. "Ilitoka, ikaisha."

"Iliisha, au ilipumua tu?"

Mama Sekela aligeukia trei za mayai.

"Mama, ukingo umebomoka upande wa Ndobo. Hewa ile ikitoka kwa wingi, itapitia pale."

"Tangu hapo haijatoka tena."

"Na hakuna aliyepima, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba samaki walikufa."

Maji yaliendelea kupita kwenye mabeseni. Mama Sekela alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alionekana mzee ghafla. "Ukilisema hilo," alisema, "utakuwa umelisema na hili. Ziwa litakwenda. Watalichimba mpaka liwe tope. Na chemchemi za Ndobo zitakwenda nalo."

Tumpe alitoka bila kuaga. Kwenye dirisha la mbele mzee alikuwa bado amekaa vilevile, uso kwenye barabara.

*

Siku zilizofuata Tumpe aliteremsha chombo cha kupimia mpaka kina cha ziwa kilipoishia. Kilipopanda, vipimo vilikuwa vibaya kuliko alivyokuwa amekisia. Kajeba alikuwa botini kama kawaida. Aliuliza tu, "Leo unapima chini sana, kuna nini?" na Tumpe akamwambia ni utaratibu. Kajeba akaitikia kwa kichwa. Tumpe alirudi nyumbani akijiuliza kwa nini mtu yule hakutaka kuona namba.

Baraza lilikaa ukumbini Tukuyu. Mkuu wa baraza, Mheshimiwa Nsajigwa, mama mwenye sauti ndogo, aliketi katikati. Benchi za kushoto zilijaa watu wa Ndobo, wengi wamevaa nguo za kanisani. Mwalimu Ambakisye na mkewe walikuwa mstari wa mbele, kama ilivyokuwa kila mwaka. Kulia alikaa Kajeba na mawakili wa kampuni.

Uzi uliunganishwa. Taa ikawaka nyeupe.

"Shahidi, je, trauti wa Lwasi yu hai ndani ya Ziwa Lwasi?"

"Yu hai."

Nyeupe.

Watu wa Ndobo walinong'onezana kwa furaha. Nsajigwa aligeukia kulia. "Kampuni ina haki ya swali moja."

Tumpe aliukaza mgongo. Alilisubiri swali: wamezaliwa wapi? Kwa misimu mitatu mtu huyu alikuwa amekaa nyuma yake akitafuta ufa. Aliwaona samaki wakija kwenye kivuli. Hakuwa mjinga.

Kajeba aliinuka kidogo. "Hatuna swali, Mheshimiwa."

Mawakili wake hawakumtazama. Walikuwa wakifunga mikoba, bila haraka na bila hasira, kama watu ambao shughuli yao inakwenda sawasawa. Kama wanajua samaki ni wa kutengenezwa, kwa nini wanyamaze? Kampuni inapata nini kwa kuliacha ziwa mwaka mmoja zaidi, msimu wa baridi ukiwa mlangoni, juu ya bonde lenye watu? Ziwa lililoua watu, nani angelitetea tena?

Karani alinyoosha mkono kuuchomoa uzi.

"Sijamaliza," alisema Tumpe.

"Shahidi, umeshajibu ulichoulizwa," alisema Nsajigwa kwa upole.

"Nimejibu nilichoulizwa. Kuna ambacho sijaulizwa." Alijizuia kumtazama Mama Sekela, akashindwa. Mama yule alikuwa amefumba macho. "Trauti waliopo ziwani hawakuzaliwa ziwani. Wa asili walikufa wote kwa siku moja, kwa hewa iliyotoka chini ya ziwa. Hewa hiyo imejaa tena. Nimeipima mwenyewe. Naamini itatoka, na ikitoka itateremka Ndobo. Watu wanatakiwa kuhama kabla baridi haijakaza."

Taa ilibaki nyeupe. Ukumbi mzima ulikuwa ukiitazama hiyo, si yeye.

"Nani aliwaweka samaki hawa?" Nsajigwa aliuliza.

Tumpe alifungua mdomo, lakini aliyesema alikuwa Mama Sekela. "Ni mimi," alisema akiwa amekaa. "Msimtaabishe mtoto."

Mwalimu Ambakisye hakugeuka kumtazama mkewe. Alivua kofia yake, akaishika magotini kwa mikono miwili, na kukaa hivyo mpaka askari walipokuja.

Nje, wakisubiri gari, wawili hao walikaa kwenye ukuta mfupi wa bustani. Tumpe alikwenda kusimama mbele yao kwa sababu aliona aibu zaidi kuwakimbia. Hawakumfukuza.

"Miaka yote," Ambakisye alimwambia mkewe, "nilijua unanificha jambo."

"Nilikuwa nakuficha wewe, si jambo," alisema Mama Sekela.

Mzee alimsogelea. Kisha akavua koti lake na kumwekea mabegani.

*

Ziwa likaondolewa ulinzi mpaka kesi isikilizwe upya. Serikali iliamuru Ndobo ihamie shule za juu ya mlima. Watu walihama wakiwa na hasira. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimpa Tumpe maparachichi kila wiki alipita mbele yake amebeba godoro, akageuza uso. Wengine walisema Shahidi amenunuliwa na kampuni, na kwamba hewa inayoua bila harufu ni hadithi ya kuwatoa watu mashambani mwao. Kama Tumpe angekuwa mahali pao, naye angeshuku hivyo hivyo.

Mama Sekela aliachiwa kwa dhamana, akakatazwa kukaribia maji. Banda likapigwa lakiri.

Wiki zikapita. Wanaume wachache wakaanza kurudi mchana kuangalia migomba. Kisha ikaja asubuhi ya ukungu na baridi kali. Tumpe, aliyekuwa amehamishia maabara kileleni, alitazama chini akaona ziwa limekuwa na rangi ya kutu. Bonde la Ndobo lilikuwa limetulia. Hapakusikika jogoo wala mbwa.

Alishuka na askari baada ya upepo kupita na vipimo kuruhusu. Ng'ombe waliokuwa wameachwa zizini walikuwa wamelala, miguu imekunjwa vizuri, kama waliochoka. Nyuki walikuwa wametapakaa chini ya mizinga. Nyumba zilikuwa tupu. Walipita mlango kwa mlango wakiita, na hakuna aliyeitika, kwa sababu hapakuwa na mtu.

Walipofika barabara ya juu walikuta malori mawili ya Kampuni ya Mvuke Kusini yameegeshwa. Wafanyakazi walikuwa wamevaa vinyago vya hewa, na machela zimekwisha kupangwa chini, nyingi. Kajeba alisimama kando, kinyago kimening'inia shingoni.

"Nani amewaita?" Tumpe aliuliza. "Habari hatujaitoa bado."

Kajeba alitazama bonde. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa uchovu. "Tulikuja kusaidia."

"Mlijua lini, Kaka Fulgence?"

"Mimi sikuapishwa, Dada Tumpe," alisema, na akaanza kukusanya machela.

Tumpe alimwomba askari aandike saa malori yalipofika na majina ya waliokuwamo, wote, kuanzia madereva. Alisimama pale mpaka ikaandikwa.

Alipofika gatini jua lilikuwa limepanda. Watu wa Ndobo walikuwa wameanza kushuka kutoka shuleni, wamesimama ukingoni, na yule mwanamke wa maparachichi alikuwa miongoni mwao, kanga mdomoni. Ziwa lote lilikuwa limefunikwa na trauti, matumbo juu. Katikati yao kulikuwa na boti. Mwalimu Ambakisye alikuwa akipiga kasia, na mkewe, aliyekatazwa kukaribia maji, alikuwa ameinama ubavuni akiokota samaki mmoja mmoja, mchana kweupe, mbele ya kila mtu.

Askari alimtazama Tumpe, akisubiri aambiwe la kufanya.

"Mwache," alisema Tumpe.

Boti lilikuja mpaka kwenye mawe. Mama Sekela alikuwa na mkasi mdogo mkononi. Alimwinua samaki mmoja, akamkabidhi mumewe.

"Mshike hivi. Pezi lielekee kwangu."

"Hapa?"

"Chini kidogo. Hapo."

Ambakisye alimshika. Mkewe akakata kipande cha pezi cha kuhifadhi.

Tumpe alivua viatu, akaingia majini kumletea samaki wa pili.